Tamthilia Thelathini na Mbili za Mpiga Pasi

Saa mbili asubuhi, mvuke umejaa karakana ya dobi hadi saa ya ukutani haionekani. Mwanamke mfupi analitandaza shati jeupe mezani, anashusha pasi, kisha ananguruma: "Fungeni lango! Aliyenisaliti yumo humu humu!"

"Si mimi, Mfalme," anajibu mwenzake bila kuinua kichwa. "Mimi nakunja mashuka tu."

Karakana inaangua kicheko. Huyu ndiye Mama Tamthilia, mpiga pasi kwa miaka kumi na tisa, aliyeacha shule darasa la sita. Amesoma tamthilia thelathini na moja za mwandishi mmoja wa kale, aliyefariki karne nyingi kabla ya pasi ya umeme. Jumla ziko thelathini na mbili. Jumamosi anatimiza miaka hamsini, na leo ni Alhamisi.

"Wifi yangu ndiye aliyenichokoza," anasema. "Alinikuta maktaba nimeshika juzuu la kwanza, akaniambia, 'Wifi, hayo ni ya wasomi, utaishia ukurasa wa kumi.' Nikamjibu nikifika hamsini nitakuwa nimemaliza yote. Mdomo wangu huu!"

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni alisomea kazini: pasi ikisimama, macho kitabuni, pasi ikilala, macho kwenye nguo. Mambo yalikwenda vizuri hadi tamthilia ya nane, binti mfalme alipoinua kikombe cha sumu.

"Nilimpigia kelele asinywe," anasimulia. "Pasi nikaisahau kifuani kwa shati la mteja."

Bosi akapiga marufuku vitabu karakanani. Kikionekana hata kimoja, kazi basi.

Mwingine angenyoosha mikono. Yeye akaanza kuamka saa kumi alfajiri, akikariri kurasa kadhaa kwenye meza ya jikoni, kisha kuja nazo kazini kichwani. Sasa akishika pasi anazitoa zote, kila mhusika na sauti yake. Mimi ninayeandika makala haya nimesoma chuo kikuu, na mwandishi huyo huyo wa kale alinishinda kwenye tamthilia ya pili. Nilikaa juu ya gunia la nguo chafu nikimsikiliza saa nzima, nikasahau kabisa kuandika.

Mchana bosi anachungulia kutoka ofisini.

"Haya, mama, mfalme anamsamehe mwanawe au hamsamehi?"

"Sijui, bosi. Imebaki sehemu ya mwisho. Na kwa mashuka haya ya hoteli, tutakesha hapa hadi Jumamosi. Sitawahi."

Bosi anakuna kidevu. "Kitabu kiko wapi?"

"Nimekiacha getini kwa mlinzi. Sijavunja amri yako."

"Kalete. Nyie wengine, zimeni pasi."

Pasi sita zinazimwa. Mama Tamthilia anasoma akifuata mistari kwa kidole. Mfalme anamsamehe mwanawe aliyemfungia nje, lakini lango linapofunguliwa, kijana ameshakufa nje kwa baridi. Bosi ameugeukia ukuta. Mkunja mashuka anajifuta machozi kwa shuka la mteja.

"Hilo litafuliwa upya," bosi anasema.

Amemaliza zote, siku mbili kabla ya wakati. Lakini hajawahi kuona hata mchezo mmoja jukwaani. Anapanga kukata tiketi mbili, yake na ya wifi.

"Nataka kiti cha mbele kabisa," anasema, akiwasha pasi. "Mwigizaji akisahau maneno, anitazame mimi."