Nafasi ya Sauti ya Pili

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka sokoni Kamembe na beseni langu la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikapita karibu na kanisa. Ndani vijana walikuwa wanajifunza wimbo wa Kilatini kutoka kwenye simu. Nikasimama. Nikaweka mzigo chini, nikashika ukuta. Rafiki yangu, ule wimbo nilikuwa sijausikia kwa karibu miaka thelathini.

Ngoja nikueleze. Mimi sikusoma sana, shule niliiacha darasa la tano, lakini haya nayajua.

Nilipokuwa mtoto, parokia yetu ilikuwa na korali mbili, yaani kwaya. Ile kubwa ilikuwa na ngoma na makofi, watu wakifurika. Yetu ilikuwa ya watu wanane tu. Tuliimba nyimbo za Kilatini za zamani sana, bila ngoma wala kinanda. Padiri mmoja mzee, mzungu, alimwachia mwalimu wetu makaratasi yake, na mwalimu, ambaye siku za kazi alifundisha darasa la kwanza, aliyanakili kwa mkono nyuma ya kalenda zilizoisha. Wale wa ngoma walituchokoza: "Eh, batu ba Kilatini! Leo munazika nani?" Maman, mama yangu mzazi, aliyeimba nasi, aliwajibu bila kugeuka: "Masikio yenu."

Katika nyimbo zile sauti haziingii pamoja. Sauti nzito, inayoitwa basi, inaanza peke yake. Unahesabu nne, inaingia ya tatu. Nne nyingine, inaingia ya pili. Mwisho kabisa ya kwanza, ile ya juu. Mwalimu hakuita majina hata siku moja. Basi ilianza, na kama mtu hakuja, shimo lake lilisikika. "Ukiitwa, itika," alisema, "hata kama una muhogo mdomoni." Na alikuwa na sheria moja: nafasi ya mtu haiimbwi na mwingine, mpaka awe amesafiri au amekufa.

Basi yetu alikuwa Vedasti. Huyo namtaja kwa jina. Wengine nawaacha wapumzike. Alikuwa fundi wa baiskeli kando ya soko, mikono imejaa grisi, na akiimba benchi linatetemeka. Mchana, soko likiwa limejaa, aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu akaanza. Mwalimu, akipita na chaki zake, aliitika. Mimi niliitika kutoka bombani na kidumu kichwani. Maman aliitika mwisho, nyuma ya sambaza zake, na wanunuzi wakacheka. Grisi, samaki waliokauka, mvua inayokuja kutoka upande wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka: hiyo ndiyo harufu ya korali kwangu. Vedasti aliniita "sauti yangu ya pili".

Kisha ukaja mwaka wa tisini na nne, wakaanza kuua Watutsi. Maman, mwalimu na mimi tulitoka mjini kwa miguu, tukajificha kwenye migomba ya mama yake mwalimu, kule Nyakarenzo. Korali nzima ililijua shamba lile. Kila baada ya Pasaka tulikwenda kula isombe, majani ya muhogo, pale. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Maman alikataa tulale pamoja. "Bakipata mumoja, basipate bengine," alisema. Mwalimu akakaa mtaroni, karibu na njia. Mimi katikati, chini ya majani makavu. Maman juu zaidi mlimani, kama hatua arobaini kutoka kwangu.

Siku ya tatu, jua likiwa juu ya kichwa, tukasikia basi ya Vedasti.

Hakuja na filimbi wala kelele za wale wanamgambo wauaji. Alikuja akiimba polepole, kama mtu anayetoka kazini. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifikiri: mwenzetu ametufuata, labda ameleta chakula. Mwalimu naye alifikiri hivyo. Nne zilipotimia, akaitika.

Nilisikia sauti yake ikianza, nikasikia miguu mingi ikikimbia, nikasikia sauti ikikatika. Sitaongeza.

Vedasti akaanza upya, toka mwanzo. Akapita nafasi ya mwalimu, ambayo sasa ilikuwa shimo, akawa anakuja kwenye yangu. Kama hukulelewa na nyimbo zile huwezi kujua: pumzi inajivuta yenyewe. Kifua changu kilijaa. Niliuma jani la mgomba nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Maman akaimba.

Hakuimba sauti yake ya juu. Aliimba ya pili, yangu, neno kwa neno, nyembamba kama ya mtoto. Na alikuwa anatembea huku anaimba, anapanda mlima, anaondoka nilipo. Miguu yote ikamfuata. Ilipita karibu hata majani niliyojifunika yakasogea.

"Kumbe ni weye, Maman," nilimsikia Vedasti. "Mutoto iko wapi?"

"Alishavuka Bukavu. Hausikie? Ni miye naimba pa nafasi yake."

Akaamini. Sheria ya mwalimu aliijua vizuri kama sisi. Maman hakushuka tena mlimani, na Vedasti hakurudi kunitafuta.

Siku ya gacaca, mahakama ya kijiji, alisimama mbele ya watu wote akasema: "Mimi sikushika panga. Niliimba tu." Kuna waliotikisa kichwa kwa huruma, niliwaona. Alifungwa, akatoka, leo anatengeneza baiskeli palepale. Nikipita ananiambia, "Bonjour, Maman." Siitiki.

Zile kalenda za mwalimu wanamgambo walizifungia karanga. Soko limejengwa upya kwa saruji, na hakuna anayemwimbia mwenzake kutoka meza hadi meza. Katika wanane tulibaki wawili, yeye na mimi.

Msichana mmoja alitoka kanisani akaniona nimeshika ukuta. "Maman, huu wimbo unaujua? Ingia basi, sauti ya pili hatuna."

Ndani kijana mwenye sauti nzito alikuwa ameanza. Nilihesabu nne. Ya tatu ikaingia. Nilihesabu nne nyingine, na shimo likasikika.

"Nafasi yangu ilishaimbwa," nikamwambia. Nikajitwika sambaza, nikaenda.