Kiganja cha Mama Kwenye Mashine

Mashine yetu ya kufungasha mchele ilikuja kijijini kwetu Ngonga, Kyela, juu ya fuso, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari, na siku hiyo nilijiona nimefika. Kikundi chetu cha akina mama kilinikabidhi mimi niiendeshe kwa sababu nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku tatu Mbeya. Nami nikavimba kichwa kwelikweli.

Kazi yenyewe si ngumu. Mchele unamiminwa kwenye faneli kubwa juu, mizani iliyo ndani inapima kilo moja, mdomo wa chini unaiachia ndani ya mfuko, kisha chuma cha moto kinaubana mfuko na kuufunga. Mama yangu mzazi, aliyeuza mchele kwa kopo sokoni Kyela miaka yote ya utoto wangu, alikuwa anashika mfuko chini ya mdomo na kunipa mimi nibane.

Oda ya kwanza ilitoka kwa mwenye duka mmoja Mbeya: mifuko mia mbili kufikia Jumamosi. Ikimridhisha, atachukua kila wiki. Isipomridhisha, tunarudi kuwauzia walanguzi kwa magunia barabarani, na bei wanapanga wao.

Jumatano mifuko ikaanza kuachia. Unaubana, unauinua, mchele wote chini. Nililaumu umeme, nikalaumu nailoni, nikasugua kile chuma mpaka nikaungua vidole. Alhamisi nikaita fundi kutoka mjini. Akaikagua mashine, akasema ni nzima. Halafu akaweka mfuko mmoja kwenye mizani ya mezani: umezidi. Wa pili nao umezidi. Yote ilikuwa imezidi.

"Endeleeni na kazi, nione," akasema.

Ndipo nikaona. Mashine ikishaachia kilo yake, mkono wa mama unachota kiganja kimoja cha mchele kutoka kwenye ungo uliokuwa mapajani pake na kukitia juu ya ile kilo mfukoni. Punje na vumbi la pumba vinabaki kwenye midomo ya mfuko, na mfuko haushiki.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naongeza," akajibu, akinishangaa. "Gwe, mtu anapimiwa mchele bila nyongeza? Watasema watu wa Kyela tuna mkono wa birika!"

Nilimfokea mbele ya wenzake. Nilimwambia anatuharibia kazi, bora akae nyumbani. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, akatoka. Niliona aibu kabla hajafika mlangoni, lakini hasira zangu hazina breki.

Fundi ndiye aliyemfuata. Akamrudisha, akamwomba achote kiganja akiweke kwenye mizani. Mama akachota mara tatu, na mara zote tatu mizani ikasoma uzito uleule. Fundi akacheka, akaanza kuzungusha skrubu ya kipimo ili mashine iachie kilo na kiganja kwa mkupuo mmoja. Wanakikundi hawakupinga, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuza mchele bila nyongeza. Nami nikamwomba mama radhi, mbele ya walewale.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akashika mfuko.

Ijumaa tulimaliza, hakuna ulioachia. Jumatatu mwenye duka akapiga simu.

"Mifuko yenu imezidi kilo. Mashine ni mbovu?"

Nikamwambia ni nzima kabisa, ila aliyeifundisha kupima ni mama yangu.

 "Basi msiiguse," akasema. "Nileteeni mia tatu."