Nanyama, Fundi Aliyeziba Nyumba ya Sisimizi

Nanyama anaweka vioo vya madirisha hapa Tuwan, mtaa wa Kitale. Kwao ni Bungoma. Kazi alifundishwa na mjomba wake huko, na alipoolewa Kitale akaja nayo. Kioo hukibeba mgongoni, leso katikati, kama mtoto. Watu wa bodaboda wanampisha. Ati wakimgonga watalipa dirisha na mama.

Yeye ni mtu wa kusema. Mimi si mtu wa kusema. Labda ndiyo maana tunasikizana.

Marehemu mke wangu, Nabwile, ndiye aliyemwita kwetu mara ya kwanza. Nabwile alikuwa anafuga sisimizi. Watu walimcheka, lakini hakuacha. Mwaka mmoja mvua ilipoanza aliokota malkia mlangoni, amekwisha kuangusha mabawa, akamweka kwenye chupa ya jemu. Malkia akataga. Wakawa wengi, wale wa kubeba mbegu. Nanyama akawatengenezea nyumba ya kioo, udongo ndani. Nabwile aliwapa wimbi. Jioni aliketi akiwatazama wakimenya, hata sufuria ikaungua.

Nabwile alitutoka. Sisimizi wakabaki na mimi.

Siku ya kumkumbuka watu walijaa. Viti vikasogezwa, meza ya sisimizi ikasukumwa. Asubuhi nikaona kona moja ya nyumba yao, kioo kimeachana na mwenzake. Gundi ya zamani ilikuwa imebanduka. Sisimizi walikuwa wameanza kutembea ukutani. Niliogopa. Malkia ni mmoja. Akitoka akakanyagwa, hao wengine watazeeka na kwisha. Na Nabwile hakuacha kitu kingine kinachotembea ndani ya hii nyumba.

Nikafanya kama tunavyoziba ghala la mahindi. Udongo, jivu, maji. Nikapaka, kona ikaziba vizuri. Kufika jioni sisimizi wote walikuwa wamekimbilia upande wa mbali, wamepandana. Wengine walikuwa wamelala karibu na kona, hawaamki.

Nikamwita Nanyama. Alichungulia, akagusa ule udongo na kidole, akakiangalia kidole.

"Baba Derrick, umepaka nini hapa?"

"Udongo na jivu. Kama ghala."

"Na jivu kwa ghala ni ya kufukuza nini?"

"Wadudu."

"Na hawa ni nini, bana? Ng'ombe?"

Alicheka mpaka akashika mlango, halafu akaniangalia usoni, akaacha.

"Pole, Baba. Malkia nimemwona. Yuko mzima. Tuwatoe kwanza."

Kuwatoa nilijua mimi. Nilimwona Nabwile akifanya. Nilichukua chupa, nikaweka pamba yenye maji ndani, nikaifunga kwa karatasi nyeusi, nikailaza ndani ya karai. Ukingo wa karai nikaupaka mafuta ya mgando, wasipande. Nyumba ya kioo tukaifungua hapo hapo kwenye karai, mwanga ukawapata. Sisimizi hapendi mwanga. Walianza kuhama, mayai mdomoni. Malkia aliingia kwenye chupa akisukumwa na watoto wake.

"Huyu mama anaheshimiwa," Nanyama akasema.

Akakwangua jivu lote na gundi yote ya zamani, akaosha kioo kwa maji matupu. Sabuni alikataa. Halafu akatoa bomba la silikoni, gundi ya kuzibia vioo, kwenye mfuko wake wa kazi. Alisoma maandishi ya ubavuni, akalirudisha.

"Hii ni ya bafu. Iko na dawa ya kuua ukungu. Haichoki kuua, miaka na miaka. Itajuaje huyu ni ukungu na huyu ni sisimizi? Twende kwa Gathii."

Gathii ana duka la vifaa vya ujenzi. Watu wake walikuja Trans-Nzoia kulima mahindi, yeye akachagua kaunta.

"Chukua supaglu, Fundi. Inashika hata chuma."

"Inatoa hewa ya kuchoma macho. Na ikikauka inavunjika kama biskuti. Hapana."

"Basi hii ya viatu."

"Wewe ukifungua huo mkebe unasikia aje?"

"Kichwa inazunguka kidogo."

"Na wewe ni mtu mzima na tumbo yako. Sasa sisimizi?"

Gathii akaweka mkebe chini. "Ngoja. Ati ni gundi ya sisimizi? Watu wanakuja hapa kuniomba dawa ya kuwamaliza."

"Leo umepata wateja wageni."

"Ni wale wa Nabwile," nikamwambia.

Gathii akaacha mzaha. Nabwile alikuwa akinunua wavu kwake. Aliingia nyuma ya duka, tukasikia akisogeza makopo, akarudi na bomba la silikoni inayoonyesha kama kioo.

"Hii wanachukua watu wa kufuga samaki. Haina dawa yoyote."

Nanyama alisoma pande zote mbili. Akafinya tone kwenye kipande cha kioo, akanusa, akanipa nami ninuse. Ilikuwa kali, kama siki.

"Hiyo harufu ndiyo ubaya wake wote," akasema. "Ikiisha, imeisha. Lakini iishe kweli."

Alipaka kona ile kwa kidole kilicholoweshwa, polepole, ulimi nje. Nyumba tukaiacha wazi dirishani.

Akawa anapita kila siku akitoka kazini. Anaingiza kichwa chote ndani ya kioo, ananusa.

"Leo?" namuuliza.

"Bado. Si uko na haraka! Umewawekea maji?"

"Nimeweka."

"Na wewe umekula?"

Nikawa napika ugali mapema, kwa sababu nilijua ataniuliza. Mboga pia. Akikuta iko tayari anakaa, anakula na mimi, ananieleza dirisha la nani limepigwa mpira na watoto wa nani.

Siku moja alinusa, akaniita ninuse. Hakukuwa na kitu. Ukucha haukuingia kwenye gundi.

"Tusiweke malkia," nikasema. "Tutume wachache."

"Wapelelezi," akasema.

Tukatia udongo mpya, tukatuma wachache. Sikulala vizuri. Asubuhi nilikuta wote wazima, mmoja anaburuta punje ya wimbi kubwa kumzidi yeye, anarudi nayo kinyumenyume. Nikamngoja Nanyama afike. Tukalaza chupa ndani ya nyumba ya kioo, tukatoa ile karatasi nyeusi. Upande wa udongo tukaufunika kwa leso yake, chupa ikabaki kwenye mwanga.

Tulingoja sana. Chai ikapoa. Wakabeba mayai kwanza, halafu watoto weupe, malkia hatoki. Nanyama akasogeza kiti karibu na kioo. Mwishowe malkia akatoa kichwa, akapapasa na vipembe vyake, akashuka. Akapita kwenye kona iliyozibwa, akasimama pale. Nilishika meza. Kisha akaingia udongoni, na wengine wakamfuata.

"Amekubali," nikasema.

Jumapili Nanyama alipita akitoka kanisani. Sisimizi walikuwa wamechagua mahali pa kutupa maganda ya wimbi. Walichagua kona yake, wakarundika mpaka ile gundi nzuri haionekani.

"Angalia, Baba Derrick! Kazi yangu yote wamefanya jalala!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti.

"Cheka tu," akasema, na yeye akakaa.