Siku Mama Alipohama na Kigoda Chake

Nakumbuka alasiri moja pale kijijini kwetu Nkololo, mama yangu mzazi alinyanyua kigoda chake katikati ya shairi langu, akavuka uwanja, akaenda kuketi upande wa wapinzani wetu. Nilikuwa bado sijamaliza ubeti wa tatu.

Mwanangu, wewe unayepanda jukwaani siku hizi na kipaza sauti, ngoja nikueleze tulifikaje hapo.

Nilianza kuandika nikiwa darasa la nne, nyuma ya daftari la hesabu, kwenye kurasa ambazo mwalimu alikuwa hajazifikia. Lakini si yote niliyoandika yalikuwa yangu. Jirani yetu Limi, tuliyelingana umri, alitolewa shule darasa la kwanza alee wadogo zake baada ya mama yao kufariki. Tukichuma pamba, yeye mstari huu na mimi ule, Limi alitunga maneno kwa Kisukuma, akiyapima kwa mwendo wa mikono. Jioni mimi niliyageuza Kiswahili na kuyaandika. Asubuhi alipita kwetu, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Wangaluka. Haya, nisomee nilichosema jana."

Nilimsomea. Wakati mwingine alinikatiza: "Hapo umeongeza lako. Litoe." Nami nililitoa.

Shuleni mwalimu aliyasifu mashairi yangu mbele ya darasa. Sikumtaja Limi. Hakuna aliyeniuliza.

Kwetu, mavuno ya pamba yakiisha, makundi mawili ya ngoma hushindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watu huhama kwenda kunakowavutia, na kundi lililobaki na watu wengi ndilo lililoshinda. Kukejeliana kunaruhusiwa, tena ndicho watu wanachokingojea kwa hamu. Aliyekejeliwa hujibu kwa wimbo, wote hucheka, hurudi nyumbani pamoja. Mwaka huo kundi letu lilinipa nafasi ya kutunga kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Mtunzi wa upande wa pili alikuwa Limi.

Mtu hukejeliwa kwa alichokifanya: uvivu wake, majivuno yake, ng'ombe aliowaachia wakala mahindi ya jirani. Mimi nilisimama na karatasi nikamkejeli Limi kwa kutojua kusoma. Nilisema akipewa barua huishika kichwa chini miguu juu. Nilisema hata akiliona jina lake ukutani atalipita bila kulisalimia. Vijana wachache tu wa shule walicheka. Ndipo mama akanyanyuka.

"Mayu, unakwenda wapi?" nilimuuliza, karatasi mkononi.

"Nakwenda kukaa na wenzangu wasiojua kusoma," alisema, bila hasira, kama mtu anayeaga kwenda kisimani.

Barua zote za nyumbani nilizisoma mimi tangu nikiwa mdogo, na bado nilikuwa nimesahau. Watu wakaanza kumfuata, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mzee mmoja alipopita mbele yangu alisema kwa sauti, "Msomi, baki na karatasi yako. Ikupigie makofi!"

Limi alitakiwa kunijibu. Uwanja mzima ulimngoja. Alinitazama, akawageukia watu wake, akaanzisha wimbo wa kuchuma pamba. Hakunitaja hata mara moja.

Nyumbani mama aliniambia jambo moja tu. "Nilikuwa nawasikia shambani. Ya kwenye daftari lako, mengi ni ya yule binti. Umemcheka aliyekufundisha." Hakulirudia tena mpaka anakufa.

Nilihamia Bariadi mjini nikawa fundi cherehani. Niliendelea kuandika, lakini sikusimama tena mbele ya watu mpaka nywele zilipobadilika rangi. Aliyenirudisha ni Neema, binti wa kaka yangu. Aliyakuta madaftari kabatini, akanipeleka kwenye ukumbi ambako vijana hukutana Jumamosi mchana.

"Shangazi, weka karatasi chini," alininong'oneza. "Hapa hatusomi, tunaghani."

Niliiweka. Bila karatasi mikono yangu ilianza yenyewe kuchuma pamba, na maneno yakaifuata. Walisimama kunipigia makofi. Mtu alinirekodi kwa simu, na wiki iliyofuata wateja sokoni waliniita Mama Pamba. Shairi lile lilikuwa la Limi. Nilikaa na jina hilo wiki kadhaa kabla ya kusema ukweli ukumbini, kwamba mwenye maneno haya yuko hai, anaishi Kasoli. Hilo nalo naliweka hapa, nisije nikaonekana nilijifunza haraka.

Basi ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Kabla hujapanda jukwaani, jua maneno uliyobeba umeyapata kwa nani, na umtaje kwa jina watu wakisikia, hata kama hakuna aliyekuuliza. Ukitaka kumcheka mtu, mcheke kwa alichokifanya, usimcheke kwa alichonyimwa. Na uwatazame vizuri waliokaa mbele yako, maana aliyekulea anaweza kuwa mmoja wao. Mungu akujalie sauti isiyokauka, na akujalie wa kukwambia "litoe" ungali kijana.

Wiki hii nilimtuma Neema Kasoli kumwalika Limi. Alimkuta anapukuchua mahindi na wajukuu. Limi alisikiliza ile rekodi mara mbili, akacheka kidogo. "Katikati hapo ameongeza lake," alisema. Kisha akasema, "Mwambie nitakuja. Jibu lake ninalo."

Neema alimuuliza ni jibu gani. Limi aliendelea kupukuchua.

Jumamosi ni keshokutwa. Nimemwekea kiti mstari wa mbele.