Karai Chini ya Mguu wa Mama Akinyi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Kawangware, Sista Inchaji, mkubwa wa wauguzi, hakunionyesha dawa. Alinionyesha miguu ya mama mmoja mfua nguo aliyekuja kutibiwa. "Umeona hiyo mishipa imejikunja kama minyoo? Usiwahi kuidharau." Mimi msichana wa Kitui nikajibu ndiyo, ndiyo, na sijaelewa kitu.

Nilielewa baadaye. Damu ya mguuni hupanda kurudi moyoni, na ndani ya vena, mishipa inayoirudisha, mna vali, vilango vidogo vya kuizuia isishuke. Vilango vikilegea, damu hutuama na mshipa huvimba. Wengine hurithi, wengine ni mimba, uzito, umri, au kusimama kutwa nzima. Si kurogwa, jamani, wala si damu chafu.

Nilipohamishiwa Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, nilimpata Mama Akinyi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, naye ana mishipa kama ile. Nilimfunga bendeji, nikamwambia akae mara kwa mara ainue miguu. Alinicheka. "Nesi, nikiinua miguu, nani atauza?"

Asubuhi moja jirani yake alikuja mbio. Watu wa nyumbani walikuwa wamemchanja ule mshipa kwa wembe, ati damu mbaya itoke, na sasa haikomi. Nilimkuta ameketishwa kwenye kiti kizuri cha nyumba, mguu unaning'inia ndani ya karai lake la omena ili sakafu isichafuke. Watu wanaomba kwa sauti. Karai linajaa. Ngai, Mungu wangu! Niliingiwa na hofu hadi miguu ikakataa kusonga, na kila nilivyochelewa uso wake ulizidi kupauka.

"Mlazeni chini! Mguu juu!" Nikakandamiza kidonda kwa leso yangu kwa nguvu zote, na sikuachilia mpaka tulipofika hospitali. Njia nzima alikuwa akinong'ona, "Nesi, nisife. Watoto wangu." Hakufa.

Sasa nimestaafu, na mishipa ile ile iko miguuni mwangu. Karibu na kifundo ngozi imekuwa nyeusi, inawasha. Najua kinachofuata ni kidonda. Niliwagombeza watu Kibera nzima, na mimi mwenyewe naogopa kwenda hospitali, naogopa nitakachoambiwa. Kila mara Mama Akinyi akipiga simu kuniuliza nitaenda lini, namwambia, "Kesho."

Leo hakupiga. Alibisha mlango akiwa amebeba karai, lile lile, akaliweka mbele ya kiti changu.

"Nesi, tunaenda hospitali, ama nikuachie hili?"

Nikatafuta viatu.