Stoo ya Mahindi Mpemba

Nilipovuka miaka hamsini nilipata kazi ya kuandika kwenye kompyuta mahojiano ya redio, nikiwa popote, mradi yafike Dar es Salaam kila jioni. Mimi niliyeacha shule mapema na kuzoea kuhamahama, sikutaka kuipoteza. Nikaamua kukaa Tunduma msimu mzima wa mvua, nisikilize watu wa mpakani wanavyoongea.

Kosa langu lilikuwa chumba. Nilichukua kilicho jirani na mpaka, na modemu ikawa inavutwa na mnara wa Zambia. Salio likaisha kwa bei za nje ya nchi kabla kazi haijaondoka. Bosi akanipigia: "Mzee, ukichelewa tena kesho, nampa mwingine."

Asubuhi nikabeba kompyuta hadi Mpemba, mbali kidogo na mpaka. Huko mama mmoja mwenye nyumba akanionyesha chumba chenye kitanda kikubwa. Modemu ilikataa, bado ikavutwa na Zambia. Nikazunguka nayo nyumba nzima, hadi kwenye stoo ya mahindi nyuma ya jiko. Hapo ikashika mtandao wa Tanzania na haikuuachia.

"Nitakaa hapa, mama."

"Baba, hapa wanalala panya! Watu watasema nimekutupa stoo."

"Waambie nimekataa kitanda."

"Na panya?"

"Tutagawana."

Akacheka, tukasogeza magunia. Kabla jua halijazama, kazi ilikuwa imefika Dar es Salaam. Alirudi na chai, akanikuta nimekalia gunia.

"Haya, kaa mpaka mvua ziishe," akasema. "Ila mlango funga, kuku wasije wakakusaidia kuandika."