Kisiwa Ambacho Sikukikanyaga

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni siku ya upepo. Nilikuwa ndani ya feri katika bahari ya Wagiriki, mimi na mume wangu, tunaenda likizo kisiwani. Usicheke. Hata mimi, mtoto wa Majengo, Mombasa, niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya, nimewahi kwenda likizo Ugiriki. Ila sikufika.

Nakuandikia kwa sababu juzi hapa soko la Liuhua nilimsikia mmoja wenu, vijana wa kwetu, furushi la jinzi begani, akimwambia mama yake kwenye simu, "Nitakuja, mama, mzigo huu ukishaondoka." Nilitaka kumnyang'anya ile simu. Nilijizuia, maana watu wa Guangzhou wameshanijua kwa ukali, sikutaka waongeze na wizi. Na nyinyi mliokuja kusoma kwa ufadhili, msidhani haya ni ya wachuuzi peke yao. Nyinyi mzigo wenu mnauita, sijui, tasnifu. Ni ule ule.

Basi sikiliza.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye nguvu za punda. Nilianza soko la viatu la Zhanxi kwa kuwasukumia wengine mikokoteni, nikapanda hadi kununua viatu vyangu mwenyewe, nikaishia Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo, ninashonesha magauni ya watoto yenye nembo yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa majivuno na radhi sitaomba.

Sasa, wewe unajua Kangle inavyokuwa Wachina wakiingia mwaka wao mpya. Inakufa. Mashine kimya, milango ya chuma imeshushwa, mafundi wote wamerudi makwao, na ukimpigia simu laoban, mwenye kiwanda, kuuliza hata kifungo unajibiwa meiyou, hakuna. Hapo ndipo mtu wa biashara anapopata kupumua. Mume wangu, Baba Saumu, alikuwa mpishi wa melini kabla hajanioa, na meli yao iliwahi kutia nanga kwenye kisiwa kimoja cha Wagiriki. Jina la kisiwa silitamki vizuri hata leo. Alikuwa akikisifia kila siku.

"Nyumba nyeupe, bahari buluu, pweza wa kuchoma," akanambia. "Na hakuna laoban wa kukupigia simu. Twende, Mama Saumu."

Nikakubali. Lakini mwaka mpya wa Wachina huangukia katikati ya baridi. Nani mwenye akili anakwenda likizo kisiwani wakati wa baridi na dhoruba? Sisi. Kalenda yetu ilikuwa ya Kangle, nyingine hatukuijua. Pale bandarini Pireo mwanamke aliyetukatia tiketi alitutazama kama watu waliotoroka mahali.

Nikwambie sasa lililokuwa linatuchoma, maana halikuwa likizo. Lilikuwa mtoto. Binti yetu Saumu tulimwacha Mombasa kwa mama yangu mara tu alipoacha ziwa. Tulisema mzigo wa kwanza ukishaondoka tutamfuata. Ukaondoka. Tukasema basi huu mwingine. Kufikia safari ile Saumu alikuwa anakimbia, anaimba, anagombana na watoto wa jirani, na aliyekuwa anaitwa mama ni mama yangu. Baba Saumu alichoka. Alinambia tukiwa bado uwanja wa ndege, taratibu, bila kugomba, na yeye akisema taratibu ujue ameshaamua.

"Nikitoka kisiwani napitia Mombasa kumchukua mwanangu. Ukija na mimi tutarudi Guangzhou wote watatu. Usipokuja, mimi huku sirudi tena."

Na mimi nilikuwa na langu. Kangle ikifunguliwa, anayefika kwanza ndiye anayeshonewa kwanza. Ukichelewa, mafundi wachache waliorudi wameshachukuliwa na wenzako, nawe unakaa msimu mzima unatazama watu wakipakia. Nilikuwa nimemuahidi laoban wangu kwamba nitakuwa mlangoni siku ile ile anapofungua. Kwa hiyo ndani ya feri ile sikukaa kitini. Nilikuwa nakwenda dirishani, narudi, natoka nje, upepo unanipiga kofi, narudi ndani, natazama simu. Haina mtandao. Naitikisa, kama kwamba mtandao hukwama ndani kama mchanga kwenye kiatu.

Feri yenyewe ilikuwa kubwa, chini magari, juu viti, na watu wachache wa kisiwani wanaorudi kwao na maboksi yao na mbwa wao. Meli inalala upande huu, inalala upande ule. Karibu na mlango alikaa ajuza wa Kigiriki, nguo nyeusi tupu, kikapu kimeziba njia. Nilimruka mara kadhaa.

Wewe unajua tabia yetu. Huku Guangzhou tumezoea kusemana Kiswahili mbele ya mtu kama vile yeye ni kabati. Unamwambia mwenzako, "Usimwonyeshe umekipenda, jifanye unaondoka," na mwenye duka yuko hapo hapo anatabasamu. Tukaipeleka tabia hiyo baharini. Tuligombana mimi na mume wangu kwa sauti, mambo ya ndani yote tukayamwaga.

"Unawavalisha watoto wa Mombasa nzima," akanambia, "wako anavalishwa na bibi yake."

"Na hela ya hayo mavazi anayoyavaa inatoka wapi? Kwa pweza wako?"

"Sijasema habari ya hela mimi. Nasema mtoto."

"Nitakwenda, Baba Saumu! Mzigo wa mwanzo wa mwaka ukishaondoka, nakwenda. Sasa hebu nipishe nikavute hewa, na huyu bibi kizee naye kakaa hapa mlangoni kama askari wa geti."

Yule ajuza akakivuta kikapu chake pembeni. Akasema, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu, "Pita, binti. Askari amekuruhusu."

Mwanangu, nilitamani bahari iingie ndani.

Baba Saumu ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Shikamoo, bibi," akasema, na uso umemshuka.

"Marahaba, baba. Kaeni, mtaanguka."

Kumbe alizaliwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Baba yake alikuwa msimamizi huko, na yeye akalelewa na yaya wa Kizigua hadi akawa mwanamwali. Jina lake Eleni. Alisema hajazungumza Kiswahili na mtu tangu dada yake afe, na ndiyo maana alitusikiliza muda wote bila kujitambulisha. "Nilikuwa naona raha," akasema. "Hata matusi yenu yalikuwa matamu."

Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu tulikuwa tumefika. Kile pale kisiwa! Nyumba nyeupe kweli, kama alivyosema mume wangu, zimepandana mlimani. Gatini palikuwa na watu wachache wamejikunyata, na mmoja, mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu, alikuwa anapunga mikono yote miwili. "Binti yangu huyo," bibi akasema, akasimama, akashika kikapu.

Feri ikageuka, ikarudi kinyumenyume, mlango wake wa nyuma unateremshwa. Kamba ikatupwa. Upepo ukaisukuma meli pembeni kama mtu anayesukuma sahani asiyoitaka. Ikatoka nje ya bandari, ikazunguka, ikajaribu tena. Tulifika karibu kiasi cha kuziona herini masikioni mwa yule binti. Halafu kipaza sauti kikasema maneno, na meli ikaelekeza pua yake baharini, ikaanza kuondoka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema haiwezekani," bibi akajibu, akakaa chini tena. "Tutajificha nyuma ya kisiwa kikubwa kule mbele hadi upepo uchoke. Labda kesho. Labda kesho kutwa."

Kesho kutwa! Nilihesabu haraka kichwani na nikaona mlango wa Kangle unafunguliwa na mimi sipo. Nikamkimbilia baharia mmoja mwenye kofia. Nikamfanyia kama ninavyomfanyia muuza viatu wa Zhanxi. Nikapandisha sauti, nikamwita rafiki, nikamwambia hii ni nafasi yake ya mwisho, nikamgeuzia mgongo na kuondoka polepole ili aniite. Hakuniita. Nilipogeuka alikuwa anafunga kamba, na Baba Saumu amejiinamia, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikarudi kukaa.

Feri ilijificha nyuma ya mlima wa kisiwa kile kikubwa, injini ikashuka sauti. Bibi Eleni akafungua kikapu akatupa mkate na zeituni. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Mtoto utamwona lini?"

"Mzigo ukishaondoka."

"Sikukuuliza habari ya mzigo. Siku gani?"

"Bibi, wewe hujui biashara yangu."

Hapo ndipo aliponikemea, na sijakemewa vile tena. Hakupaza sauti.

"Mimi nimekulia kwenye mkonge," akasema. "Mama yangu alikuwa na mama yake kwenye kisiwa hiki tulichokipita. Kila mwaka tulikuwa tunasema, tutakwenda kumwona mkonge ukishakatwa. Umewahi kuuona mkonge, wewe? Mkonge hauna mavuno yanayokwisha. Unakatwa mwaka mzima. Ukimaliza shamba hili, lile la kwanza limeshakua tena. Watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wanangoja mkonge uishe! Tulipokuja, tulikuja kwa sababu shamba lilichukuliwa na serikali, sio kwa sababu kazi iliisha. Tukaonyeshwa kaburi. Mama yangu hakulia. Alikasirika, na alikaa na hasira hiyo mpaka nami nikamzika. Sasa nakuuliza tena, na usinitajie nguo. Siku gani?"

Mume wangu alikuwa anatazama zeituni mkononi mwake, haili, haitupi. Nikaona kwamba anaogopa. Mtu aliyepika kwenye meli katikati ya dhoruba, anaogopa jibu langu mimi.

"Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa hii. Upepo ukituruhusu."

"Upepo niachie mimi, ni wa kwetu," bibi akasema. "Baba, umesikia? Mimi shahidi."

Kesho yake upepo ulilegea kiasi cha feri kutia gati kisiwa kikubwa, ila si kwenye kisiwa chetu. Tulirudi na feri ile ile hadi Pireo, yeye bibi akabaki kwa jamaa zake kwenye kile kisiwa kikubwa kungojea. Alipokuwa anateremka alinishika shavu, akanambia nisimruke mtu mzima tena, nipite kwa hodi. Sikumwona tena.

Ijumaa tulikuwa Mombasa. Nilifika nyumbani nikiwa mbele, Baba Saumu nyuma yangu na mabegi. Saumu alikuwa mlangoni amekaa kizingitini, amevaa gauni langu mimi, la nembo yangu, limemkaa vizuri. Akasimama kwa adabu aliyofundishwa.

"Shikamoo," akasema. "Mama hayupo. Ameenda sokoni."

Nikaitikia. Nikakaa barazani, nikamngojea mama yake, ambaye ni mama yangu.

Kangle ilifunguliwa bila mimi. Laoban alingoja siku moja, halafu akampa mwingine mafundi wangu, na sikumlaumu, mimi pia ningefanya hivyo. Msimu ule sikupakia kitu. Nilirudi Zhanxi kwenye viatu, nikaanza upya, na kuanza upya sikuona ajabu, nilikuwa nimeshaanza mara nyingi. Saumu tulirudi naye. Alikuwa ananiita shangazi, na nilipomkosoa alimwambia baba yake, "Mwambie huyu shangazi aende kwao." Siku aliyoniita mama aliniita kwa hasira, nimemnyima peremende. Nikampa pakiti nzima. Baba Saumu akanambia ninamharibu mtoto. Nikamwambia anyamaze.

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi kwa kuwa sina elimu ya kuificha. Mwanangu, kazi yako haitakupa ruhusa. Usiketi ukiingoja. Mzigo ukiondoka, mwingine uko njiani; tasnifu ikiisha, watakutafutia nyingine. Mama yako akikuuliza utakuja lini, mtajie siku yenye jina. Ukiona huna siku ya kumtajia, mwambie hivyo hivyo, "Mama, sijaamua kuja," ajue moja na wewe ujisikie unavyosema. Na ukitaja siku, nenda siku hiyo. Utakosa kitu, usidanganywe kwamba hutakosa. Mimi nilikosa msimu mzima. Fanya kazi kwa bidii, upate, ujivune, mimi mwenyewe najivuna mpaka kesho. Lakini aliyekuachia mlango wazi usimfanye aishi kwa kalenda ya Kangle.

Mungu akufungulie riziki hapa ugenini na akufikishe kwenu salama. Akupe wanaokungojea, nao awape umri wa kukuona ukiingia. Na siku ukisimama mlangoni pao, wakuite kwa jina lako. Amina.